Chaja ya gari la umeme inagoma jioni, usiku wa manane inachaji. Fundi anataka kuunganisha eathi na nyutro. Ni salama?

#1 Baba Nuru wa Goba
Wakuu, habari za jioni.

Nina Nissan Leaf iliyotoka Japani, miezi yote nimekuwa nikiichaji kwa ule waya wake wa kuchomeka soketi ya kawaida. Shemeji yangu aliyeko Uingereza akanitumia chaja ya ukutani ya kilowati 7. Fundi kaifunga kwenye banda la gari, kavuta waya wa milimita 6 moja kwa moja kutoka meni swichi na breka yake ya ampea 40.

Shida ni hii. Kuanzia saa moja jioni mpaka kama saa nne, nikichomeka gari inawaka taa nyekundu. Kitabu chake kinasema "hitilafu ya umeme au eathi", basi, hakuna maelezo zaidi. Nikiamka usiku wa manane kwenda msalani nikachomeka, inachaji bila shida. Mchana pia kwa kawaida inakubali. Waya mdogo wa zamani haugomi saa yoyote.

Fundi amekuja, amechungulia, anasema eathi yangu "ni dhaifu", dawa ni kuchukua kipande cha waya na kuunganisha eathi (waya wa kwenda ardhini) na nyutro (waya wa kurudisha umeme) ndani ya chaja, "itadanganyika itachaji". Mke wangu amekataa mpaka niulize. Nauliza.

#2 Kipara Ngoto
Msikilize mama. Halafu badilisha fundi.

#3 fundi_wa_Tandale
Mkuu #1, usiogope. Hiyo ya kuunganisha tunafanya kila siku kwenye inveta na majenereta, yanachaji, watu wanaishi. Eathi na nyutro ni kitu kimoja, hata kule kwenye transfoma vimefungwa pamoja. Chaja inataka kuona volti kati ya nyutro na eathi iko sifuri. Ukiunga, ni sifuri. Kwisha.

#4 Mhandisi Mstaafu
Fundi #3, kwenye jenereta ni sawa, na nitaeleza kwa nini. Jenereta dogo la petroli mara nyingi halijafungwa popote ardhini. Ukipima waya wowote mmoja kwenda ardhini unapata takribani nusu ya volti, 115 hivi. Chaja ikiona hivyo inakataa, na ukiunga nyutro na eathi *pale pale kwenye jenereta* unakuwa umeupa umeme huo njia ya kurudi kwenye chanzo chake.

Kwa mtu mwenye umeme wa nguzoni hali ni nyingine kabisa. Nyumba nyingi za huku zinapokea nyaya mbili tu kutoka nguzoni, laivu inayoleta umeme na nyutro. Eathi ni yako mwenyewe, ile rodi iliyopigwa chini karibu na ukuta. Sasa unga nyutro na eathi ndani ya chaja, halafu nyutro ikatike nguzoni au kiungo chake kilegee. Umeme unaingia kwa laivu, unapita kwenye friji na taa zako, unafika kwenye nyutro, haupati njia ya kurudi, unakwenda kwenye bodi ya gari. Gari lina matairi ya mpira. Anayefungua mlango amesimama kwenye udongo. Hesabu imekamilika.

Na kama kuna fundi aliyewahi kugeuza laivu na nyutro huko nyuma ya mita, huna haja ya kusubiri nyutro ikatike. Bodi inakuwa na 230 siku hiyo hiyo.

#5 fundi_wa_Tandale
Mzee #4 heshima yako, lakini nyutro ikikatika si rodi ipo? Umeme unashuka chini.

#6 Mhandisi Mstaafu
Unashuka kiasi gani? Hapo ndipo wengi tunapopotea. Chukua rodi ya mita 1.2, unene wa milimita 16, udongo wa wastani wenye ukinzani wa omu-mita 100. Ukipiga hesabu ya vitabuni unapata omu 70 na ushee. Kwa volti 230 itapitisha ampea tatu na kidogo. Breka yako ya ampea 40 haijui hata kama kuna jambo. Itakaa hivyo hivyo usiku kucha, bodi ya gari ikiwa na volti karibu zote.

Na huo ni udongo wa wastani. Kwenye mchanga mkavu ukinzani unaweza kuwa mara kumi ya hapo na rodi ile ile ikawa na omu 700. Ukienda mita 2.4 unashuka kwenye 40, si nusu kamili, lakini unashuka.

Rodi peke yake haimwokoi mtu. Anayemwokoa ni RCD, kile kifaa cha kukata umeme unapovuja, chenye kitufe cha T.

#7 Baba Nuru wa Goba
Ahsanteni. Fundi #3 na Mzee #4 mnanichanganya kidogo ila nafuata. Sijaunga chochote.

#8 Bi Mwana wa Mbweni
Nipo Unguja. Sisi hapa hata hiyo mita 1.2 ni anasa. Unapiga nyundo, sentimita arobaini umekutana na jiwe la matumbawe, rodi inapinda kama msumari wa bei rahisi. Nilichofanyiwa mimi ni kuchimba mfereji wa kina cha goti kuzunguka upande mmoja wa nyumba, ukalazwa mkanda wa shaba, ukafukiwa kwa udongo mwekundu ulioletwa kwa gari. Ikapimwa kwa kipima eathi chenye vijiti viwili vya kuchomeka mbali. Ilikuwa nzuri kuliko rodi ya jirani.

Gari langu ni dogo, lachaji kwa plagi ya pini tatu na halijawahi kugoma. Ila kabla ya mkanda, nikigusa mlango lilipokuwa likichaji, mkono ukitekenywa. Nikidhani ni uzee.

#9 Mzalendo wa Kigamboni
Kwenye kutekenya mimi naunga mkono #8. Gari langu likichaji, ukipitisha nyuma ya kiganja kwenye kishikio cha mlango unasikia kama kitambaa kinatetemeka. Fundi akachukua testa, ikawaka. Akasema gari limeharibika, lina shoti. Nikataka kuliuza!

#10 Mhandisi Mstaafu
Usiuze. Ndani ya chaja ya gari kuna kapasita ndogo za kuchuja makelele ya umeme, moja kutoka laivu kwenda bodi, nyingine kutoka nyutro kwenda bodi. Eathi ikiwa nzima, huo mvujo mdogo unakwenda zake chini. Eathi ikiwa haipo, bodi inaelea katikati, 115 hivi, na wewe ukigusa unakuwa ndiyo njia. Miliampea chache, unatekenywa tu. Testa nayo inawaka kwa mkondo mdogo sana, kwa hiyo kuwaka kwake si ushahidi kwamba gari ni bovu. Ni ushahidi kwamba waya wa kijani, ule wa eathi, haufiki popote.

Kutekenywa si hatari yenyewe. Hatari ni siku kitakapoharibika kitu cha kweli humo ndani, na wewe umeshazoea kutekenywa.

#11 Kipara Ngoto
"Umeshazoea kutekenywa" 😂 Mzee umetupa neno la wiki.

#12 Juma Reading
Salaam kutoka Uingereza. Mimi ni fundi umeme huku, kazi yangu ya kila siku ni kufunga hizi chaja. Baba Nuru, nadhani wote mnatafuta kwenye udongo kitu kilichoko kwenye volti.

Huku nyumba nyingi hazina rodi. Eathi inatolewa kwenye nyutro ya mtaani, waya mmoja unafanya kazi zote mbili. Ukikatika barabarani, kila chuma ndani ya nyumba kinapanda hadi karibu 230. Ndani huhisi sana kwa sababu bomba, sinki, jiko vyote vimepanda pamoja nawe. Nje, kwenye gari, mvua, viatu vimelowa: hapo ndipo mtu anakufa. Kwa hiyo kanuni za huku, BS 7671, zina sehemu nzima ya magari ya umeme, sehemu ya 722. Zamani tulikuwa tunapiga rodi kwa ajili ya chaja peke yake, ukipasua bomba la gesi la watu ni juu yako. Marekebisho ya 2020 yakaruhusu kifaa ndani ya chaja kinachopima volti kati ya laivu na nyutro: ikishuka chini ya 207 au ikipanda juu ya 253, kinakata ndani ya sekunde 5, kinakata hadi waya wa eathi. Kinachukulia kwamba nyutro imekatika. Na chaja yako imetoka huku.

Sasa niambie, saa mbili usiku Goba, watu wote wanapika na wamewasha pasi na feni, volti ni ngapi?

#13 Mkaa na Chumvi
#12 umeua. Huku kwetu volti 207 saa mbili usiku ni sikukuu.

#14 Baba Nuru wa Goba
Juma, hiyo imenigusa. Nina mita ya mkononi. Nitapima leo jioni na tena usiku nikiamka. Nipime wapi na wapi?

#15 Juma Reading
Laivu na nyutro. Nyutro na eathi. Laivu na eathi. Kwenye chaja yenyewe, siyo kwenye soketi ya sebuleni. Kama hujazoea kufungua kifuniko chenye umeme, mwite mtu, usijaribu kwa kusoma hapa.

#16 Otieno wa Ruiru
Wadau wa Bongo, hapa Kenya tuna kesi ileile lakini sababu ilikuwa tofauti. Jirani yangu ana gari la umeme, chaja yake ilikuwa inakataa kuanzia jioni. Volti ilikuwa sawa kabisa, 230 na kitu. Shida ilikuwa karakana ya kuchomelea vyuma nyuma ya ploti. Yule jamaa wa kuchomelea akianza kazi, kati ya nyutro na eathi kulikuwa na volti ishirini na zaidi. Chaja inaona hiyo, inalala. Akifunga duka, gari linachaji.

Halafu nyinyi mna bahati mbaya ya bei. Huku EPRA, mamlaka yetu ya nishati, iliweka bei maalumu ya usafiri wa umeme mwaka 2023, shilingi 8 kwa yuniti saa za usiku na 16 saa nyingine, kabla ya kodi na tozo.

#17 Kipara Ngoto
#16 usitutie wivu. Huku ukiwa kwenye kundi la yuniti 75 kwa mwezi unalipa shilingi 100 kwa yuniti, ukinunua gari la umeme unalijaza mara mbili tu umeshahamishiwa kwenye 292, na bado kodi. Baba Nuru hata eathi ikipona, mita ndiyo itakayompiga shoti.

#18 Mkaa na Chumvi
Turudi kwenye rodi. Jina langu linajieleza. Chimba shimo futi mbili kuzunguka rodi, jaza mkaa wa kusaga na chumvi ya mawe mfuko mmoja, mwagia ndoo tatu za maji. Niliona omu zikishuka kutoka mia na kitu hadi chini ya thelathini siku hiyo hiyo. Kila kiangazi namwagia maji, basi.

#19 Mhandisi Mstaafu
Siku hiyo hiyo, ndiyo. Rudi baada ya masika mawili. Mvua inaisukuma chumvi mbali na rodi, na kabla haijaondoka imeshaila shaba. Nimewahi kuvuta rodi iliyotiwa chumvi ikatoka nusu, nusu nyingine imebaki ardhini kama kutu ya kijani. Mkaa peke yake hauna shida sana. Kuna udongo wa bentonaiti, unashika unyevu na hauli chuma. Na rafiki kuliko vyote ni kina: ongeza rodi ya pili ndefu, itenganishe na ya kwanza kwa umbali usiopungua urefu wa rodi yenyewe. Ukizipanga bega kwa bega zinagombania udongo uleule.

#20 Mkaa na Chumvi
Sawa mzee, lakini chumvi ni mia tano sokoni na bentonaiti sijui hata inauzwa wapi. Nchi hii tunaishi kwa bei.

#21 Bint Sudi
Samahani naingilia, mimi si fundi. Lakini nauliza kitu cha kawaida: hivi udongo unakauka saa moja jioni unalowa saa sita usiku? Kama tatizo ni rodi ya Baba Nuru, ingegoma mchana kuliko usiku. Jua si ndio mchana?

#22 Kipara Ngoto
#21 apewe leseni ya ufundi umeme ya EWURA sasa hivi, daraja lolote analotaka.

#23 Baba Nuru wa Goba
Nimerudi na namba. Amepima kijana wa jirani anayefanya kazi ya umeme.

Saa mbili usiku: laivu na nyutro 201. Nyutro na eathi 14. Laivu na eathi 215.
Saa saba usiku: laivu na nyutro 228. Nyutro na eathi 3. Laivu na eathi 231.

Taa nyekundu iliwaka saa mbili. Saa saba ilikubali.

#24 Juma Reading
201 < 207. Nimemaliza.

Tafuta kwenye mipangilio ya fundi ya hiyo chaja; baadhi zina sehemu ya kuiambia kwamba nyumba ina rodi yake na haina eathi ya nyutro ya mtaani. Ukishachagua hiyo, inaacha kulinda kitu ambacho kwenu hakipo. Lakini usichague mpaka ujue rodi na RCD vyako ni vizima, maana utakuwa umeondoa mlinzi mmoja.

#25 Otieno wa Ruiru
Usimalize haraka kaka Juma. Nyutro na eathi ni 14 saa ileile. Angalia: 201 na 14 ni 215. Maana yake nyutro yenyewe ndiyo imepanda, mkondo wa mtaa mzima unaburuta kwenye waya mrefu. Chaja nyingine inakataa kwa sababu ya hiyo 14, si kwa sababu ya 201. Taa ni nyekundu ileile.

#26 Juma Reading
Inawezekana. Inategemea imetengenezwa vipi. Kuijua ni rahisi: jioni moja volti ikiwa juu ya 207 na nyutro bado iko 10 na zaidi, jaribu.

#27 fundi_wa_Tandale
Mimi naona #25 amesema ninachosema tangu #3: chaja inataka sifuri kati ya nyutro na eathi. Tofauti ni kwamba nyinyi mnatumia maneno mengi.

#28 Otieno wa Ruiru
Ugonjwa tumekubaliana fundi. Dawa yako ndiyo inaua mgonjwa.

#29 Mhandisi Mstaafu
Namba za #23 zina jambo jingine. Kijana amesoma laivu na eathi 215, watu watasema "eathi iko sawa". Mita ya mkononi haivuti mkondo. Hata rodi yenye omu elfu moja itakuonyesha 215. Hujajua lolote kuhusu ubora wa rodi.

#30 Mkaa na Chumvi
Ndiyo maana sisi tunatumia balbu. Balbu ya wati 100, waya mmoja kwenye laivu, mwingine kwenye eathi. Ikiwaka vizuri eathi ni nzima.

#31 Mhandisi Mstaafu
Balbu hiyo ikiwa ya moto ina omu 530 hivi. Rodi ya omu 70 itaiibia volti 27 tu, ikiwaka wewe huwezi kuona tofauti kwa macho kati ya hiyo na rodi ya omu 5. Balbu inakuambia "waya haujakatika". Haikuambii zaidi. Na nyumba yenye RCD, ukigusisha tu balbu, nyumba nzima inazima. Huo nao ni mtihani mzuri kuliko balbu kuwaka.

Baba Nuru, kijana wako alipopima alisema lolote kuhusu RCD? Meni swichi yako ina kitufe cha T?

#32 Baba Nuru wa Goba
Kipo. Ila fundi wa mwanzo aliiruka. Ilikuwa inakata kila pampu ya kisima ikiwashwa, akapitisha waya pembeni. Kitufe ukibonyeza hakuna kinachotokea.

#33 Mzalendo wa Kigamboni
Eeeh!

#34 Bi Mwana wa Mbweni
Baba Nuru, mwanangu, hilo ndilo ungelisema kwanza.

#35 Mhandisi Mstaafu
Basi mazungumzo ya omu yasimame hapo. Tangu siku hiyo, pampu yako ilikuwa inavuja umeme na ikakuambia, fundi akaifunga mdomo. Kwa nyumba ya rodi, sheria ni nyepesi: ukinzani wa rodi ukizidishwa na mkondo wa RCD usizidi volti 50. RCD ya miliampea 30 inaweza kufanya kazi hata na rodi ya omu 1,667. Kwa vitendo tunataka chini ya 200 kwa sababu juu ya hapo udongo hauaminiki, kiangazi unabadilika. Yaani hata rodi mbovu ya Mkaa na Chumvi inatosha *kama RCD ipo*. Bila RCD, kupata rodi ya kuangusha breka ya 40 peke yake unahitaji chini ya omu moja. Hilo halipo Goba.

#36 Juma Reading
Naongezea. Unaporudisha RCD, angalia alama usoni pake. Yenye wimbi moja tu ni aina ya AC, hiyo kwa gari haifai. Betri ya gari ni umeme wa upande mmoja. Ukivuja kidogo kurudi upande wa nyumba, RCD ya AC inapofuka, haioni tena chochote. Unayoitaka ni aina ya A, ina wimbi na chini yake vinundu vya nusu wimbi, na ndani ya chaja kuwe na kinga ya kukata ikiona miliampea 6 za umeme wa upande mmoja. Kama chaja haina, basi aina ya B, ambayo bei yake itakuliza.

#37 Mzalendo wa Kigamboni
Nimekwenda Kariakoo mara nyingi kutafuta hivyo. Ukimwuliza muuzaji "aina ya A" anakuambia "hii ni A, angalia, imeandikwa 40A". 😅

#38 Kipara Ngoto
#37 wallahi nimecheka peke yangu kwenye daladala.

#39 Mtoto wa Magomeni
Mimi RCD yangu nikibonyeza T inakata, kwa hiyo eathi yangu ni nzima. Nilale?

#40 Mhandisi Mstaafu
Usilale bado. Kitufe cha T kinavujisha mkondo ndani ya kifaa chenyewe, kutoka upande mmoja wa koili kwenda mwingine. Ng'oa rodi yako yote, T itakata vilevile. Kinakuambia kifaa ni kizima. Rodi inapimwa kivyake.

#41 Otieno wa Ruiru
Tusisahau swali la Baba Nuru kwamba waya mdogo wa zamani haugomi. Hapo mimi bado sina jibu.

#42 Bint Sudi
Si kwa sababu wa Japani? Kule umeme wao ni 100 na 200, labda haujali 201.

#43 Juma Reading
#42 una akili. Ile 200 ya Japani ni laivu mbili, kila moja 100 kwenda ardhini, hakuna nyutro kama yenu. Kwa hiyo sidhani kama kifaa kinaweza kuwa kinapima nyutro na eathi kwa namna ya Ulaya. Na kule nao wanatumia rodi zao. Eathi ya omu 100 inakubalika, hata 500 kama kuna kifaa cha kukata ndani ya nusu sekunde. Hata hivyo sipendi sanduku lililoandikwa 200 likae kwenye 231 usiku kucha.

#44 Mkaa na Chumvi
Au waya huo haupimi eathi kabisa. Kuna za Kichina zina kitufe cha kuzima upimaji wa eathi, unabonyeza sekunde kadhaa, taa inabadilika rangi, inachaji hata kwenye mti.

#45 Mzalendo wa Kigamboni
Ninayo hiyo! Nilidhani ni kitufe cha kupunguza ampea.

#46 Bi Mwana wa Mbweni
Na wewe ndiye uliyetekenywa namba 9.

#47 Mtoto wa Magomeni
Swali la pembeni: plagi ya waya mdogo kuwa ya moto sana ni kawaida? Yangu imebadilika rangi kama chai ya maziwa upande wa pini ya kulia.

#48 fundi_wa_Tandale
Hapo naomba nisikilizwe, hili ni langu. Soketi ya ampea 13 imeandikwa 13, lakini si kwa saa kumi na mbili mfululizo. Pasi inazima na kuwaka, gari halizimi. Ndani ya soketi kuna ulimi wa shaba unaobana pini. Ukishapata moto mara kadhaa unalegea, ukilegea moto unaongezeka. Mwisho unakuta plastiki imeyeyuka na pini imeganda humo. Punguza iwe ampea 8 au 10, weka soketi mpya ya maana, waya wake peke yake kutoka kwenye breka, usiunganishe na friji. Ekstensheni usitumie hata siku moja. Iliyobadilika rangi itupe leo.

#49 Mhandisi Mstaafu
Fundi #48 hapo amesema kweli tupu.

#50 Kipara Ngoto
Amani imepatikana. Ila Baba Nuru nikuulize, hiyo Leaf yako ni ile ya kawaida? Nyingi za Japani chaja ya ndani ni kilowati 3 tu, za 6 zilikuwa za kuongezea pesa. Umefunga kilowati 7 ukutani: bomba la inchi sita kujazia ndoo.

#51 Baba Nuru wa Goba
Ni ya 3. Shemeji alikuwa na nia njema.

Mrejesho: RCD mpya ya aina A imefungwa leo na mkandarasi mwenye leseni. Pampu imetenganishwa, imekutwa koili yake imeingia maji, inapelekwa kusukwa upya. Rodi imepimwa kwa kipima eathi, omu 94, kataka aongeze ya pili wiki ijayo. Chaja bado inagoma jioni. Sehemu aliyosema Juma kwenye mipangilio nimeiona, sijaigusa.

#52 Juma Reading
Ahsante. Subiri rodi ya pili, ndipo uiguse.

#53 Otieno wa Ruiru
Kabla ya hapo niulizie jambo. Jirani zako walio kwenye fezi nyingine (laivu nyingine ya transfoma ileile), balbu zao jioni zinakuwaje? Kama wewe uko 201 na wao wako 250 na kitu, basi hapo si mtaa umelemewa tu. Kuna kiungo cha nyutro kimelegea nguzoni, na siku kikiachia kabisa friji za watu zitaungua upande mmoja wa barabara. Hilo utaliripoti, hutalitibu kwenye chaja.

#54 Baba Nuru wa Goba
Mama Aisha wa ng'ambo ya barabara anasema mwezi huu amebadilisha balbu tatu. Nilidhani ni balbu feki.

#55 Mhandisi Mstaafu
Inaweza kuwa balbu feki. Mpelekee kijana na mita saa mbili usiku, siku hiyo hiyo na wewe upime kwako, dakika ileile. Ukipata namba mbili zinazovutana, moja chini nyingine juu, piga simu usiku huohuo usisubiri asubuhi.

#56 Mkaa na Chumvi
Mimi bado nasema rodi.

#57 Mtoto wa Magomeni
Wakuu nimetoa ile soketi, nyuma ni nyeusi tii. Ila nimekuta kitu kingine: waya wa kijani umekatwa na kufungwa seloteipu, haujafungwa popote. Nyumba nzima iko hivyo. Ni ya kupanga. Nianzishe uzi wangu au niendelee hapa hapa?

#58 Kipara Ngoto
Anzisha. Picha uweke, na mwenye nyumba umtag.